Mwizi wa samaki ni nani?

Juma hili twataka kuzungumza juu ya kesi ya zamani sana, ambayo haijapata kufikishwa mbele ya hakimu, ingawa hukumu yake hutolewa kila siku kando ya maji. Mshtaki ni mvuvi. Washtakiwa ni wengi: tai, mdiria, mnandi, korongo, fisi-maji, kenge na mamba. Shtaka ni moja tu: wizi wa samaki.

Sisi wa Bunia twalisikia shtaka hilo kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni ziwani. Barabara itokayo mjini hupita Bogoro, kisha hushuka ule ukingo mrefu wa milima mpaka Kasenyi na Tchomia, kwenye Ziwa Albert. Na wanaopanda kutoka huko na mizigo ya samaki huja pia na masimulizi yao. Upande wa pili ni mabondeni, ambako jamaa kadha wa kadha wamechimba mabwawa na kufuga tilapia. Wa ziwani husema, “Ndege wametumaliza.” Wa bwawani husema, “Tulitia samaki wengi, tumevua wachache, na kila asubuhi twawaona ndege ukingoni.”

Maneno hayo si ya kuchekwa. Samaki mkubwa aliyeraruliwa wavuni ni karo ya shule iliyopotea, na wavu wenyewe uliopasuliwa ni deni jipya. Bwawa lililomalizwa ni miezi sita ya jembe na pumba iliyokwenda bure. Yatupasa basi kuisikiliza kesi hii kwa utaratibu, mshtakiwa mmoja mmoja, ili asiadhibiwe asiye na hatia, wala asiponyoke mwenye hatia.

Tuanze na mkubwa wao, tai mla-samaki, ambaye wengine humwita furukombe. Kichwa na kifua chake ni vyeupe, tumbo lake ni la rangi ya udongo mwekundu, na sauti yake husikika mbali asubuhi. Yeye hazamii. Huchukua tu samaki aliye karibu na uso wa maji, kwa kucha zake. Samaki wa kilo moja humweza, lakini akikamata mkubwa kupita kiasi hushindwa kumwinua, akaburuzana naye juu ya maji mpaka pwani. Sehemu kubwa ya mchana hukaa mtini ametulia. Naye ni mwizi kweli, hatuwezi kumtetea kwa hilo. Ila aibiwaye mara nyingi ni ndege mwenzake. Kulastara mwenye miguu mirefu akisimama saa nzima majini na hatimaye kupata samaki, tai hushuka na kumnyang’anya. Mwari pia, pamoja na mdomo wake mkubwa, huporwa vivyo hivyo.

Wa pili ni mdiria, yule mdogo wa rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Ndege wengine wa ukoo wake huvua kutoka tawini, lakini huyu aweza kusimama hewani akipigapiga mabawa, kisha hujitupa majini kama jiwe, na aweza kummeza samaki mdogo bila kurudi pwani. Kwa hiyo huonekana mbali ziwani, juu ya mitumbwi, naye hulaumiwa zaidi ya wote kwa sababu huonekana zaidi ya wote. Lakini tufanye hesabu. Uzito wake ni kama gramu 80. Hata tukimdhania kuwa mlafi wa kula nusu ya uzito wake kila siku, wangehitajika ndege 25 ili kumaliza kilo moja ya samaki kwa siku. Na samaki wake ni wadogo kama kidole.

Tena mdiria ana jambo la kuwafurahisha akina baba na akina mama. Mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer alimchunguza kando ya Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha, huko Kenya, na kutangaza matokeo yake katika miaka ya 1980. Aliona kwamba vijana wa kiume wasiopata mke hubaki na wazazi wao na kuwasaidia kuwalisha wadogo zao. Huko Ziwa Victoria, ambako kuvua ni kazi ngumu zaidi, wazazi walikubali hata msaada wa vijana wa nyumba nyingine. Huko Naivasha, ambako riziki ilipatikana kwa urahisi, waliwafukuza wageni hao. Msaada hupokelewa palipo na shida. Wenye watoto wengi watalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Wa tatu ni mnandi, yule mweusi anayesimama juu ya mti mkavu ametandaza mabawa yajikaushe. Huyu huzamia hasa, humfuata samaki chini ya maji, na mara nyingine huvua palepale penye nyavu, hata yeye mwenyewe akanaswa. Shtaka lake lina ukweli zaidi. Hata hivyo, katika nchi ya Japani, kwenye mto Nagara karibu na mji wa Gifu, watu wamevua kwa msaada wa ndege wa ukoo huu kwa zaidi ya miaka 1,300. Ndege hufungwa kamba shingoni asiweze kummeza samaki mkubwa. Akimkamata, mvuvi humvuta na kumtoa samaki kooni mwake. Huko, msomaji, mwizi ni mtu!

Wa nne ni korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, yule marabu. Wanaosafiri mpaka Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward katika Kivu ya Kaskazini, humkuta akitembea kati ya wavuvi kama mzee wa kijiji. Huyo si mvuvi hodari. Hungoja matumbo na vichwa vitupwavyo, na kwa njia hiyo huusafisha ufuko ambao pengine ungenuka na kujaa nzi. Lakini ukimwachia samaki waliotandazwa chini wakauke, asimlaumu mtu akijisaidia.

Fisi-maji nao wako wa namna mbili, na ni vizuri kuwatofautisha. Mmoja ni mkubwa, asiye na kucha ndefu vidoleni; chakula chake kikuu ni kaa na vyura. Mwingine ni mdogo, mwenye madoa shingoni, naye hula samaki hasa. Fisi-maji akilizoea bwawa aweza kuleta hasara kubwa kuliko ndege kumi. Kenge naye huingia bwawani, ni kweli. Lakini yeye ndiye afukuaye na kula mayai ya mamba. Anayewaua kenge wote wa pwani yake anawalinda watoto wa mamba pasipo kujua.

Yabaki mamba mwenyewe. Juu yake hatufanyi mzaha, maana yeye haibi samaki tu. Huchukua watu, na nyavu huzipasua vibaya. Mtaalamu wa Uingereza, Hugh Cott, alichunguza matumbo ya mamba mamia katika Uganda na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, akaandika habari zake mwaka 1961. Aliona kwamba mamba wachanga hula wadudu na vyura. Wanaokua huongeza kaa, konokono na samaki. Wakubwa hula samaki na wanyama. Tena kati ya samaki waliokutwa matumboni walikuwamo kambare na kamongo, ambao wenyewe hula samaki wengine. Basi mamba anayemla kambare humpunguzia tilapia adui mmoja. Hayo hayamfanyi mamba kuwa rafiki. Mahali pa kuoga na kuteka maji pazungushiwe miti imara, na watoto wasiachwe huko peke yao. Yatuonyesha tu kwamba hesabu ya ziwa si ya kujumlisha na kutoa peke yake.

Na kama twamtafuta mlaji mkuu wa samaki, kwa nini twamtazama yule aliye hewani na kumsahau aliye majini? Mlaji mkuu ni samaki. Kapiteni wetu, yule ambaye wenzetu wa Tanzania humwita sangara, akikua hula samaki, na aweza kuwa mzito kuliko mtu mzima. Katika Ziwa Albert yeye ni mwenyeji tangu zamani, na samaki wengine wamezoea kuishi naye. Lakini katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 watu walimchukua kutoka maziwa mengine, na Ziwa Albert mojawapo, wakamtia katika Ziwa Victoria. Alipozidi huko katika miaka ya 1980, namna nyingi sana za samaki wadogo waitwao furu zilitoweka. Wachunguzi Wanink na Goudswaard waliandika mwaka 1994 kwamba hata mdiria wa pande za Mwanza alibadilisha chakula: zamani alikula furu, baadaye dagaa. Ndege hakuwamaliza furu. Alibadilishiwa meza na watu, naye akala alichokikuta.

Twarudi sasa kwa mshtaki mwenyewe, tukimwomba radhi kwanza, maana swali letu lina uchungu kidogo. Ziwa Albert lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,300, nasi twagawana na Uganda. Samaki wakubwa waliolipa sifa wamepungua, na katika miaka hii sehemu kubwa ya mavuno ni samaki wadogo wadogo, muziri na ragoge, wanaovuliwa usiku kwa taa. Samaki hao ni chakula chema, nao hulisha jamaa nyingi kwa bei nafuu. Lakini wavu wa matundu madogo ukikokotwa karibu na pwani, palipo mazalio, huchukua pia watoto wa kapiteni na wa tilapia. Kapiteni aliyevuliwa akiwa na urefu wa kiganja hauzwi kwa bei yoyote. Angeachwa akue, angelisha nyumba nzima. Mdiria huchukua mmoja na kuruka. Wavu ule huchukua ndoo nzima katika usiku mmoja, wala hakuna anayeutupia jiwe.

Kuna wizi mwingine usio na mabawa. Samaki wadogo hutandazwa mchangani wakauke. Mvua ikinyesha, huoza. Kuku, mbwa na korongo hupita na kujichagulia. Waliobaki hukauka pamoja na mchanga, na mnunuzi akitafuna changarawe hushusha bei. Huko Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, shirika la FAO liliwafundisha wakaushaji wa ndagala kutengeneza vichanja vya miti na wavu wa waya, vyenye kimo cha kiunoni. Samaki hukauka upesi kwa kuwa hewa hupita juu na chini, mvua ikija ni rahisi kufunika, na mchanga haupo. Anayetaka kumshinda korongo aanze na kichanja.

Wako wasemao, “Yote hayo ni sawa, lakini adui mmoja akiondolewa ni faida.” Tuwakumbushe habari ya jirani zetu wa Ziwa Edward. Katika miaka ya 1970 viboko wa pande zile walizidi 25,000. Waliuawa na wanajeshi, na vikundi vyenye silaha, na wawindaji, kwa ajili ya nyama na meno. Kufikia mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Kiboko hula majani usiku nchi kavu na kuacha samadi majini mchana, na samadi hiyo huotesha chakula cha samaki. Wavuvi wa Vitshumbi wameona mavuno yao yakipungua. Uvuvi wa kupita kiasi una sehemu yake kubwa katika hasara hiyo, lakini kuondolewa kwa viboko kumelinyima ziwa mbolea yake. Nani angalidhani kwamba mla majani ana mkono katika sufuria ya samaki?

Sasa tufike penye neno lililotufanya tuishike kalamu juma hili. Wako watu wanaonong’onezana kwamba dawa ya kumaliza ndege na fisi-maji ni sumu: mtu ampake samaki mmoja dawa ya kuua wadudu wa shamba, amweke ukingoni, kisha alale. Wasomaji wapenzi, twawasihi msilifanye jambo hilo kamwe. Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, karibu na mashamba ya mpunga, watu walitumia dawa iitwayo Furadan kuwatega ndege wa majini, na tangu mwaka 2009 hivi habari zake zimeandikwa na kutangazwa. Ndege walikufa kwa wingi, na nyama yao ikauzwa na kuliwa na watu. Dawa hiyo haichagui. Ndege aliyekunywa sumu hafi mguuni pako. Huruka akaanguke shambani kwa jirani, na mtoto wa jirani humwokota na kumbanika. Mbwa hula mabaki. Mvua huosha ukingo na kuirudisha sumu bwawani, kwa samaki wale wale uliotaka kuwalinda. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Hapa neno “kula” si la mafumbo.

Basi mwenye bwawa afanyeje? Ufugaji huu si mgeni kwetu. Katika miaka ya 1950 mabwawa ya tilapia yalichimbwa kwa maelfu mengi katika Kongo nzima, na mengi yaliachwa baada ya uhuru wa mwaka 1960. Njia za kuyalinda zajulikana, nazo hazina gharama kubwa.

Kwanza, kingo za bwawa zikatwe wima, na maji yawe na kina cha nusu mita au zaidi tangu ukingoni. Kulastara huvua kwa miguu. Asipopata pa kusimama, huenda zake.

Pili, nyasi na vichaka vilivyo karibu vifyekwe. Fisi-maji na kenge hawapendi kuvuka mahali peupe, na nyoka vilevile.

Tatu, kamba nyembamba zivutwe juu ya maji toka ng’ambo hadi ng’ambo, hatua moja moja, na vipande vya bati au nguo vifungwe ili vicheze kwa upepo. Mdiria na tai huogopa kujitupa penye kamba. Vipande hivyo vihamishwe mara kwa mara, maana ndege huzoea upesi.

Nne, matawi au mianzi itiwe majini katika pembe moja, samaki wachanga wapate maficho.

Tano, penye fisi-maji wengi, uzio wa mianzi iliyosukwa uzungushwe na kuchimbiwa chini kidogo, maana mnyama huyo hufukua. Mbwa mmoja mwema na bwawa lililo karibu na nyumba hushinda mitego yote.

Sita, mdomo wa mfereji uingizao maji uzibwe kwa wavu wa waya, kambare wasiingie. Wengi huwalaumu ndege wa mchana, kumbe mwizi analala ndani ya bwawa.

Tena yafaa tuseme jambo moja ambalo wafugaji wapya hulisahau. Tilapia huzaa sana. Bwawa lisilopunguzwa watoto hujaa samaki wengi wasiokua, wote wakubwa kama kidole, wakigombea pumba ile ile. Ndiyo sababu wafugaji wengine hutia makusudi samaki mla-samaki bwawani, kwa kiasi, apunguze watoto. Mdiria achukuaye vidagaa kadhaa huenda anafanya kazi ambayo mwenye bwawa aliiacha. Kwa hiyo, mtu akikamua maji ya bwawa baada ya miezi sita na kukuta samaki wadogo tele, asiwasingizie ndege. Akikuta bwawa tupu kabisa, atazame kwanza nyayo za matope: mara nyingi zitakuwa za viatu.

Na wavuvi wa ziwani? Kwao shauri letu ni fupi. Nyavu zitazamwe mapema, kabla ya jua kupanda, maana samaki aliyekaa muda mrefu wavuni ndiye anayewaita mnandi na mamba. Matumbo yazikwe au yatupwe mbali na mahali pa kukaushia. Matundu ya nyavu yafuate sheria, na mazalio yaachwe yapumzike. Kila chama cha wavuvi kiandike katika daftari, kwa mwezi mmoja tu, samaki wangapi waliraruliwa wavuni, nyavu ngapi ziliibwa na watu, na vikapu vingapi viliharibiwa na mvua. Daftari hilo litasema kweli kuliko ghadhabu.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Tai, mnandi, fisi-maji na wenzao wana hatia ya wizi mdogo, nao waadhibiwe kwa kamba, kwa uzio na kwa mbwa. Mamba akaliwe mbali. Lakini wizi mkubwa hufanywa na wavu wa matundu madogo, na mvua juu ya samaki waliotandazwa mchangani, na mikono ya usiku. Na wizi huo hauna manyoya. Mwenye kuweka sumu siye mlinzi wa samaki. Huyo ameanza kuiba afya ya watoto, wa kwake na wa jirani yake.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza namna ya kujenga kichanja cha kukaushia samaki kwa miti ipatikanayo hapa kwetu. Wenye maarifa yao juu ya kuwafukuza ndege watuandikie; tutafurahi kuyapokea na kuwagawia wenzao.